Kuondoa intalesi na hatima ya chenga katika video za kaseti

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina studio ndogo ya kuhariri video hapa Majengo, Dodoma. Familia moja ya Chamwino imeniletea kaseti za VHS za miaka ya 1990, zenye harusi na ngoma ya muheme, pamoja na kaseti chache za MiniDV, ili nizihamishie kwenye kompyuta. Kinachonisumbua ni kuondoa intalesi, yaani kuunganisha zile nusu mbili za picha ambazo mistari yake inapishana. Nikitumia kichujio cha Yadif, chenga (zile punje zinazochezacheza kwenye picha) zinachemka, hasa ukutani. Nikitumia kichujio cha QTGMC chenga zinaisha, lakini nyuso zinakuwa kama zimepakwa nta. Nikichagua Blend picha inatulia, ila mikono ya wapiga ngoma inaonekana miwili miwili. Nilidhani kuondoa intalesi ni suala la mistari tu. Kwa nini linagusa chenga? Je, nipunguze chenga kabla au baada? Na wakitaka DVD nifanyeje?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Macho yako hayajakudanganya. Mambo yote matatu uliyoyaona yanatokana na chanzo kimoja, na ukishakielewa utaweza kuchagua mipangilio mwenyewe bila kubahatisha. Nusu ya mistari inayoonekana katika kila picha unayoipata baada ya kuondoa intalesi haikurekodiwa na kamera kwa wakati ule. Programu ndiyo inayoitunga, kwa kutazama mistari ya juu na ya chini, au iliyokuwapo mahali hapohapo muda mfupi kabla na baada, kisha kukisia kilichopaswa kuwa katikati. Uso wa mtu, ukingo wa ngoma au shina la mbuyu vinaweza kukisiwa hivyo kwa sababu sehemu zake zinazokaribiana hufanana. Chenga hazikisiki. Chenga ya mstari mmoja haihusiani na ya mstari unaofuata, wala na ile itakayotokea palepale baadaye kidogo. Kwa hiyo kila kanuni ya kutunga mistari huwa pia ni kanuni ya kuzifanyia chenga jambo fulani: kuzififisha, kuzinenepesha, kuzitikisa au kuzifuta.

Kaseti zako zimerekodiwa kwa mfumo wa televisheni wa PAL, ambao ndio uliotumika nchini kwetu. Video ya PAL ikishaingia kwenye kompyuta huwa na mistari 576 inayoonekana, na kasi yake huandikwa kuwa fremu (picha kamili) 25 kwa sekunde, lakini kamera za nyumbani za wakati ule zilikuwa zikipiga nusu-picha 50 kwa sekunde, kila moja ikiwa na mistari 288. Nusu-picha moja hubeba mistari ya namba witiri, na inayofuata hubeba ya namba shufwa. Milisekunde 20 zinazozitenganisha zinatosha kabisa kwa mkono wa mpiga muheme kuhama, na ndiyo maana fremu isiyoondolewa intalesi huonyesha meno ya kitana pembezoni mwa kila kinachosogea.

Tuchukue njia iliyo rahisi kuliko zote, ambayo kila mstari unaokosekana hujazwa kwa wastani wa mstari ulio juu yake na ulio chini yake. Ukijumlisha thamani mbili zenye chenga zisizohusiana na kugawanya kwa mbili, ukubwa wa chenga hushuka hadi 0.71 ya ule wa mwanzo, yaani moja kugawanywa kwa kipeuo cha pili cha 2. Picha inayotoka ina mistari ya aina mbili inayopishana: ile halisi yenye chenga zake zote, na ile ya kutungwa yenye asilimia 71 tu. Programu zinazotumia mistari minne, kwa uzito wa 9/16 kwa kila mstari wa karibu na −1/16 kwa kila mstari wa mbali, hubakiza takribani 0.80, na hivyo tofauti kati ya mistari hupungua kidogo. Ukirudufu tu mstari wa juu bila kukokotoa wastani wowote, chenga hubaki na nguvu yake yote, lakini kila chenga hunenepa ikawa na kimo cha mistari miwili, na picha huonekana chafu kuliko kaseti yenyewe.

Sasa itoe video hiyo kwa picha 50 kwa sekunde. Mstari wa 200 utakuwa halisi katika picha ya kwanza, wa kutungwa katika ya pili, na halisi tena katika ya tatu, na hivyo chenga zake zitakuwa zikipanda na kushuka mara 25 kila sekunde, huku mstari wa 201 ukifanya vivyo hivyo kwa zamu iliyo kinyume. Huko ndiko kuchemka unakokuona ukutani. Ukitoa picha 25 kwa sekunde, mchemko wa namna hiyo hauwepo, kwa sababu mistari ileile ndiyo halisi katika kila picha. Hata hivyo, tofauti hubaki imeganda mahali pamoja, na ukiikuza video kufikia mistari 1080 utaona mikwaruzo midogo ya mlalo katika maeneo yenye giza, kana kwamba kitambaa kimefumwa juu ya picha. Naomba pia usihukumu chenga kwa picha iliyosimamishwa. Katika video ya picha 50, kila chenga hudumu milisekunde 20 tu na jicho huzichanganya zenyewe, ilhali katika video ya picha 25 chenga ileile hukaa mbele ya macho mara mbili ya muda huo. Fremu iliyosimama huonyesha uchafu ambao mtazamaji hatauona video ikitembea, na watu wengi hupunguza chenga kupita kiasi kwa sababu wamezitazama zikiwa zimesimama.

Yadif ni ya uangalifu zaidi kuliko wastani wa juu na chini, lakini ina mahali ambapo chenga huiyumbisha. Kwanza hukisia mstari unaokosekana kwa kufuata mwelekeo wa kingo zilizo karibu. Kisha hutazama mstari huohuo katika nusu-picha iliyotangulia na katika inayofuata, ambako mstari huo upo kweli, na hulibana kisio lake lisivuke mipaka inayotokana na tofauti zilizoonekana kati ya nyakati hizo. Ukuta uliotulia kabisa hauna tofauti, kwa hiyo mipaka hukaza na programu hulazimika kufuata mstari halisi. Hapo unapata undani wote wa mistari 576. Ukuta uliorekodiwa usiku ukumbini, chini ya taa hafifu, kamera ikiwa imejiongezea uwezo wa kupokea mwanga, hautulii hata mara moja. Chenga zenyewe huzaa tofauti kati ya nusu-picha moja na nyingine, mipaka hupanuka, na programu huchukulia kwamba kuna kinachosogea, kisha hurudi kwenye kisio la juu na chini. Kwa njia hiyo chenga huharibu zaidi ya usafi wa picha, kwa kuwa hula pia undani wa wima wa vitu visivyosogea.

Athari hiyo utaiona vizuri kama kwenye kaseti zako kuna mpiga zeze. Mtafute mahali ambapo ameshika ala yake karibu mlalo na hajatikisika kwa sekunde chache, kisha ukuze sehemu ya nyuzi. Uzi wa zeze kwenye picha ya namna hiyo una unene unaokaribia mstari mmoja, hivyo huwapo katika nusu-picha moja na kukosekana katika inayofuata kwa kuwa umeangukia kati ya mistari. Palipo na mwanga wa jua Yadif huunganisha nusu-picha hizo mbili na uzi hubaki mzima. Gizani uzi uleule hukatika vipande vipande vinavyowaka na kuzima, kwa sababu programu haiwezi tena kutofautisha uzi uliosimama na chenga zinazocheza. Ni zeze lilelile na kaseti ileile, na mpangilio haukubadilishwa. Kilichobadilika ni kiasi cha chenga tu.

Njia zinazofuata mwelekeo wa kingo zina kasoro nyingine, kwamba chenga mbili zilizokaribiana kimshazari huweza kuaminiwa kuwa ni ukingo. Programu huziunga kwa mstari mdogo wa mshazari, na eneo lililopaswa kuwa na chenga za kawaida hujaa vijinyoo. Katika njia za haraka, mimi hutumia Bwdif badala ya Yadif. Hufuata mantiki ileile, lakini huchukua pia uzito wa kichujio kilichotokana na kazi ya Weston wa BBC, na kwa macho yangu vijinyoo vyake ni vichache na kingo zake zimetulia zaidi. Programu ya kuchakata video ya FFmpeg inazo zote mbili, na kwenye programu ya HandBrake utazikuta katika sehemu ya vichujio. NNEDI3, inayotunga mistari kwa mtandao wa neva, huchora kingo vizuri kuliko hizo. Kwa kuwa haitazami wakati mwingine wowote zaidi ya nusu-picha moja, haijui kama ukuta umetulia au la, na mistari yake ya kutungwa huwa laini kuliko ile halisi, kwa hiyo ikitumiwa peke yake kwa picha 50 huchemka pia.

Kuhusu Blend sitazunguka sana. Picha ilitulia kwa sababu kila mstari umekuwa wastani wa thamani mbili na chenga zimeshuka kwa usawa picha nzima, bila tofauti kati ya mstari na mstari. Gharama yake ni kwamba nyakati mbili zimechanganywa kuwa moja, na hakuna programu itakayozitenganisha tena kikamilifu. Mkono wa mpiga ngoma umekuwa miwili kwa sababu kweli ilikuwa mikono ya nyakati mbili tofauti. Kwa ngoma, ambayo uhai wake wote uko katika mwendo, siipendekezi kabisa. Discard, inayotupa nusu-picha moja kati ya kila mbili, ina unyofu zaidi kuliko Blend, lakini hukubakizia mistari 288, na ukiivuta kurudi 576 unapata zile chenga nene nilizozitaja.

QTGMC inahitaji maelezo marefu zaidi, kwa sababu ndiyo yenye uwezo mkubwa kuliko zote na ndiyo iliyokuletea nyuso za nta. Ni skripti ya AviSynth, programu ya kuchakata video kwa maagizo ya maandishi, iliyojengwa juu ya kazi ya awali iitwayo TempGaussMC, na sasa inapatikana pia kwa VapourSynth na kupitia programu zenye vitufe kama Hybrid na StaxRip. Hutunga mistari kwanza kwa njia ya aina ya NNEDI3, kisha hukokotoa mwendo wa kila kipande cha picha ili kujua kipande hicho kilikuwa wapi katika picha zilizotangulia na kitakuwa wapi katika zinazofuata, halafu huvilinganisha vipande hivyo na kuvichukulia wastani. Kusudi la wastani huo ni kuua mtikisiko kati ya mistari halisi na ya kutungwa. Kupungua kwa chenga ni matokeo ya pembeni, lakini ni matokeo makubwa: wastani sawa wa picha 3 hushusha chenga hadi 0.58, wa picha 5 hadi 0.45, na wa picha 7 hadi 0.38. Hayo ndiyo maeneo ya mpangilio uitwao TR2, unaoamua ni picha ngapi za kila upande zinazochangia wastani, ukiwa 1, 2 au 3. Uzito halisi ndani ya skripti hauko sawa kwa kila picha, hivyo zichukue namba hizo kama ukomo wa juu wa upunguzaji. Mipangilio ya polepole iliyotayarishwa, kama Very Slow na Placebo, hutazama mbali zaidi kwa wakati kuliko ile ya haraka, na kwa hiyo huondoa chenga nyingi zaidi. Anayedhani kwamba kuchagua ya polepole humletea tu mistari bora hushangaa kuona picha imesafishwa bila ridhaa yake.

Nta hutokea kwa hatua mbili. Wastani wa wakati hauondoi chenga pekee, bali kila kilicho kidogo na kisichojirudia vilevile kutoka picha moja hadi nyingine, yaani vinyweleo, uso wa ngozi, na nyuzi za kaniki katika mwanga mdogo. Baada ya hapo QTGMC, ikijua kwamba imelainisha picha, huinoa kwa kiwango cha kawaida cha Sharpness kuwa 1.0. Kunoa hukuza kilichobaki, na kilichobaki ni kingo. Ngozi iliyolainishwa ndani ya ukingo ulionolewa ndiyo sura ya nta. Ukitaka kuiondoa, shusha Sharpness hadi 0.2 au 0.3 na urudishe sehemu ya chenga, badala ya kuhangaika kubadilisha kitu kimoja kati ya hivyo viwili.

Kurudisha chenga kuna mpangilio wake wa mkato uitwao EZKeepGrain. Kinyume chake ni EZDenoise, unaozipunguza zaidi, na miwili hiyo haitumiki kwa pamoja. Ndani yake kuna mipangilio ya kina zaidi: GrainRestore hurudisha kilichoondolewa kabla ya ulainishaji wa mwisho wa wakati, kwa hiyo hupona hasa kile chenye utulivu, mara nyingi undani wa kweli, ilhali NoiseRestore hurudisha baada ya ulainishaji huo, na kwa hiyo hurudisha kila aina ya chenga pamoja na zile zinazochezacheza. Kwa kaseti za familia napendelea kuanza na GrainRestore ya karibu 0.4 na NoiseRestore ya 0.2, kisha kurekebisha kwa macho.

Hapo kuna jambo ambalo wengi hulipita. Chenga zilizotolewa kwenye video ya intalesi nazo ni za intalesi, kwa maana kwamba ziko kwenye mistari 288 tu, na ili zirudishwe kwenye picha ya mistari 576 nazo zinapaswa kutungiwa nusu yao iliyokosekana. Mpangilio wa NoiseDeint ndio unaoamua hilo. Ukiwa Bob, chenga hujazwa kwa wastani na mchemko ulioukimbia unarudi kwa mlango wa nyuma. Ukiwa DoubleWeave, huazimwa kutoka nusu-picha ya jirani, hivyo nguvu yake inakuwa sawa katika kila mstari lakini inadumu muda mrefu zaidi mbele ya jicho. Ukiwa Generate, programu hutengeneza chenga mpya kabisa zenye nguvu inayolingana na zile za mahali hapo. Mimi huchagua Generate kwa macho ya mtazamaji, ingawa natambua kwamba nusu ya chenga hizo hazikuwahi kuwepo kwenye kaseti.

Kwa kaseti za kwenu kuna sababu ya pekee ya kutosafisha mno. Muheme huchezwa uwanjani, na uwanja wa Chamwino wakati wa kiangazi hutoa vumbi. Tazama sehemu ambayo wanawake wanacheza ngoma zikiwa zimebanwa mapajani, ukiangalia chini usawa wa miguu. Vumbi linaloinuka pale lina punje ndogo, halirudii umbo lake kutoka nusu-picha moja hadi nyingine, na mwendo wake haufuatiki kwa vekta yoyote, yaani mshale wa mwendo ambao programu hukokotoa. Kwa hesabu ya programu, hilo ni chenga. TR2 ikiwa 2 au 3, vumbi hugeuka kuwa ukungu laini usiosogea, na wachezaji huonekana kama wanacheza juu ya sakafu ya saruji. Kama kipande cha usiku ukumbini kinastahili TR2 ya 2, kipande cha uwanjani mchana kipe 1, au hata 0 pamoja na chenga zilizorudishwa. Kaseti moja inaweza kukatwa vipande vyenye mipangilio tofauti, na kwa kazi hii inastahili kukatwa.

Sasa swali lako la kabla au baada. Tenganisha kwanza mambo mawili: chenga zinazoharibu maamuzi ya programu, na chenga utakazoziona mwishoni. Kwa maamuzi, ni vizuri programu itazame nakala iliyosafishwa ili isidhani ukuta unasogea, huku pikseli za mwisho zikitoka kwenye nakala isiyosafishwa. QTGMC hufanya jambo la namna hii yenyewe inapotafuta mwendo. Kwa pikseli za mwisho, usitumie kamwe kichujio cha kawaida cha kulainisha kabla ya kuondoa intalesi, kwa sababu kitachanganya mstari wa witiri na wa shufwa, yaani nyakati mbili, na meno ya kitana yatapakwa ndani ya picha pasipo njia ya kuyatoa. Kama ni lazima kupunguza kabla, tenganisha nusu-picha kwanza, na ulinganishe witiri kwa witiri na shufwa kwa shufwa. Kupunguza baada ni rahisi zaidi kwa kuwa picha zimekamilika, lakini kumbuka mistari yenye 1 na yenye 0.71: kichujio kinachodhani chenga zina nguvu sawa kila mahali kitasafisha mstari mmoja kupita kiasi na kuuacha mwingine na mabaki. Kwa hiyo, ukiwa na QTGMC, iachie kazi yote ya chenga na usiongeze kichujio kingine baada yake. Ukiwa na Bwdif, punguza baadaye na kwa mkono mwepesi. Hqdn3d, kichujio cha kupunguza chenga, ina namba nne, za mwanga na rangi kwa nafasi, kisha za mwanga na rangi kwa wakati, nawe ziweke za mwanga chini na za rangi juu zaidi.

Rangi nimeitenga kwa sababu ya namna VHS inavyorekodi. Mwanga wa picha kwenye VHS hubebwa kwa upana wa masafa wa takribani megahezi 3, na rangi kwa sehemu ndogo tu ya hapo, ilhali kompyuta huchukua sampuli za mwanga kwa megahezi 13.5. Ndiyo maana chenga za VHS hazina umbo la nukta: zile za mwanga zimelala mlalo kwa pikseli mbili au zaidi, na zile za rangi ni mabaka mapana mekundu na ya buluu yanayoelea ukutani. Hakuna undani mdogo wa rangi wa kulinda hapo, kwa hiyo mabaka hayo unaweza kuyasafisha kwa nguvu bila hasara kubwa. MiniDV ni tofauti. Video yake imebanwa kwa megabiti 25 kwa sekunde, chenga zake zina umbo la nukta, na zimechanganyika na vinundu vya kubana pembezoni mwa kingo. Nyingi ya kaseti hizo hazihitaji kupunguziwa chochote.

Usichanganye chenga na mistari mifupi myeupe inayopita ghafla. Hiyo ni mapengo ya usomaji wa mkanda, na kwa hali ya hewa ya Dodoma chanzo chake mara nyingi ni vumbi kwenye vichwa vya deki. Pengo la mstari mmoja katika nusu-picha moja, likishajaziwa wastani juu na chini, hutoka likiwa na unene wa mistari mitatu. Safisha vichwa kwa spiriti ya isopropili na unase upya kabla hujagusa mpangilio wowote. Na kama deki yako ina swichi ya kupunguza chenga, izime, kwa sababu ulainishaji wa deki ukiongezewa wa QTGMC hutoa nta hata kwa mipangilio ya tahadhari.

Hakikisha pia nusu-picha ipi inatangulia. DV hutanguliza ya chini, na vifaa vingi vya kunasa VHS ya PAL hutanguliza ya juu. Ukikosea, mwendo unaenda mbele na kurudi nyuma, ukokotoaji wa mwendo unashindwa, na chenga hazipungui inavyotakiwa hata ukipandisha kila namba. Na kama kwenye kaseti kuna filamu iliyorekodiwa kutoka televisheni, ipitie nusu-picha moja moja. Ukiona kwamba mwendo hutokea kila baada ya nusu-picha mbili, basi nusu zote mbili ni za wakati mmoja. Video hiyo haina intalesi ya kuondoa. Unganisha tu nusu-picha zake, na punje za filamu zitabaki zote. Yadif au QTGMC ya kawaida ingeitupa nusu ya punje halisi na kuiweka nusu ya kutungwa bila sababu yoyote.

Chenga ulizozihifadhi zinaweza kupotea tena wakati wa kubana faili. Hazitabiriki, kwa hiyo hula biti nyingi, na zikikosa biti hugeuka kuwa vibao vinavyoruka. Ukitumia kibanaji cha x264, chagua tune ya grain (mpangilio wa kulinda chenga) na CRF, yaani kipimo cha ubora, ya 17 au 18, na uvumilie faili kubwa. Nakala ya kutuma kwa WhatsApp itabanwa vikali na mtandao wenyewe, kwa hiyo hiyo iandae peke yake, kutoka toleo lililosafishwa zaidi, kwa picha 25.

Kwa kazi uliyonayo, nasa kila kaseti ya VHS ikiwa bado na intalesi yake, kwa FFV1, namna ya kubana video ambayo haipotezi chochote. Video ghafi ya biti 8 yenye rangi ya 4:2:2 hula takribani gigabaiti 75 kwa saa, na FFV1 hupunguza kiasi hicho sana. MiniDV inakili kama ilivyo, gigabaiti 13 kwa saa. Hiyo ndiyo nakala ya familia ya kutunza, na isiondolewe intalesi kamwe, kwa kuwa njia bora zaidi zitakuja na zitahitaji nusu-picha zilezile 50. Kisha kata sekunde kama kumi kutoka sehemu tatu, ukuta wa ukumbini, uso wa karibu na vumbi la uwanjani, na uzijaribu kwa Bwdif ya picha 50 na kwa QTGMC Slow yenye chenga zilizorudishwa, ukizitazama kwenye televisheni kutoka umbali ambao familia itakaa. QTGMC ni nzito kwa kompyuta ndogo, kwa hiyo ifanye kipande kwa kipande, umeme ukikatika usipoteze kazi ya usiku mzima. Ambapo huoni tofauti kutoka kwenye kiti, tumia Bwdif.

Wakitaka DVD, usiondoe intalesi hata kidogo. DVD ya PAL hupokea video ya intalesi ya 720 kwa 576, na kazi ya kuunganisha nusu-picha itafanywa na kicheza DVD au televisheni yenyewe. Punguza chenga kidogo kwa kutenganisha nusu-picha kama nilivyoeleza, hasa za rangi, ili biti chache za DVD zitoshe. Ukipeleka diski, fungua menyu ya picha ya televisheni yao na uangalie kipengele cha kupunguza chenga. Televisheni nyingi za bapa hutoka dukani kikiwa kimewashwa, na kikiachwa hivyo kitalainisha nyuso ambazo wewe umeziacha na ngozi yake.